Akili mnemba haisafishi daftari la SACCOS

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu akili mnemba maofisini. (Wapo wanaoiita akili unde, wengine akili bandia, jina litajipanga lenyewe.) Chama cha akiba na mikopo (SACCOS) kikishafikisha wanachama elfu tano hivi, haipiti muda kabla hajabisha hodi muuzaji mwenye kompyuta mpakato na mfumo "unaochambua mkopo kwa sekunde tatu". Bodi inafurahi, mkutano mkuu unapitisha bajeti, mfumo unafungwa, watumishi wanapewa semina ya siku moja na chai ya saa nne. Miezi sita baadaye afisa mikopo amerudi kwenye kalamu yake, na mfumo umebaki wa kuonyeshea wageni.

Maelezo yanayotolewa huwa ni yale yale: watumishi hawana uelewa, mtandao ni mdogo. Sisi tunaofunga mifumo hii na kuitwa ikikwama tunaona sababu kubwa iko kwingine. Iko kwenye daftari. Tutaeleza kwa kutumia SACCOS kwa kuwa ndiko kazi yetu iliko, ingawa mamlaka ya maji au hospitali ya wilaya zitajiona humu humu.

Tuanze na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Vyama vingi huweka orodha ya wanachama kwenye Excel, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba; tano zinazobaki huzigeuza sifuri bila kumwambia mtu. Karani akiandika namba hiyo kwenye kisanduku cha kawaida ataona kitu kama 1.98503E+19. Atapanua safu, ataona namba ndefu inayofanana na ya kitambulisho, ataridhika. Keshaiharibu. Kubadili mpangilio wa safu baadaye hakuzirudishi tarakimu zilizopotea. Lazima fomu ya karatasi itafutwe kabatini. Kinga yake ni safu nzima kuwekwa kuwa ya maandishi kabla herufi ya kwanza haijaandikwa, kazi ya nusu dakika.

Namba za simu nazo hudondosha sifuri ya mbele kwa njia hiyo hiyo, na mwanachama mmoja huandikwa mara kwa 07, mara kwa 255, mara kwa alama ya kujumlisha. Majina ndiyo usiseme: Mohamed, Mohammed, Muhammad, na huko kwingine M. tu. Tarehe 03/04 kompyuta moja inaisoma Aprili 3, nyingine Machi 4, kutegemea ilivyowekwa siku ilipotoka dukani. Matokeo yake mtu mmoja anakuwa watu watatu: akiba iko kwa wa kwanza, mkopo kwa wa pili, udhamini kwa wa tatu. Mhudumu wa kaunta hababaiki, kwa sababu mama huyo anamjua kwa sura na kwa jina la mtoto wake. Mashine haimjui. Itaona mtu mwenye akiba bila historia ya mkopo na mwingine mwenye mkopo bila akiba, na itawahukumu wote wawili vibaya.

Usafi huu una gharama inayohesabika. Chama chenye wanachama 6,000, karani makini akilinganisha rekodi 60 kwa siku na fomu zake, ni siku 100 za kazi. Makarani wanne wataimaliza kwa siku 25, yaani wiki tano kamili, na wakati huo kuna mtu lazima akae kaunta. Kifungu hicho hukioni kwenye bajeti ya mradi. Muuzaji hakitaji kwa kuwa si yeye atakayeifanya kazi hiyo.

Lakini hata daftari likiwa safi kwa majina, lina uongo mwingine mbaya zaidi, na hapa tunaomba uvumilivu kidogo. Mfumo wa kuchambua mikopo hujifunza kwa mikopo ya zamani: huyu alilipa, huyu hakulipa. Sasa fungua leja uangalie "alilipa" maana yake ni nini. Mwanachama alikopa milioni 3, akakwama mwezi wa saba, akapewa mkopo mpya wa milioni 4 uliofuta ule wa kwanza na kumwachia kibakishi mkononi. Kwenye leja mkopo wa kwanza umefungwa, salio sifuri, umelipwa. Mashine inajifunza kwamba mtu wa namna hiyo ni mlipaji mzuri. Chama chenye mazoea ya kukopesha juu ya mkopo kinaifundisha mashine kuwapenda wale wale wanaokizamisha.

Upande wa pili yuko mwalimu anayekatwa kwenye mshahara. Mwajiri kamkata tarehe 25, lakini fedha ameziwasilisha chamani baada ya wiki saba. Leja inaandika rejesho limechelewa siku 49. Mwalimu huyo hajaishika hata shilingi moja ya rejesho hilo, ilikatwa kabla mshahara haujamfikia, lakini kwa mashine ni mdaiwa sugu. Tukiwakuta walimu na wauguzi wamejaa kwenye orodha ya "hatari", hapo ndipo pa kwanza kuangalia, na mara nyingi hatuhitaji kwenda mbali zaidi.

Dawa ni safu mbili za ziada kwenye leja. Moja inasema mkopo umefungwa kwa fedha au kwa mkopo mwingine. Ya pili inasema aliyechelewesha ni mwanachama au mwajiri. Kuzijaza kwa mikopo ya miaka mitatu iliyopita kunahitaji mihtasari ya kamati ya mikopo, hati za makato za waajiri, na afisa mkongwe anayekumbuka. Ndiyo maana tunasisitiza: mtu huyo asistaafishwe mwaka ule ule mnaoleta mfumo.

Kuna na jambo ambalo daftari haliwezi kusema kabisa, nalo ni wale walionyimwa. Mashine inaona waliokopeshwa tu. Kama kwa miaka kumi kamati iliwakatalia waendesha bodaboda na mama ntilie, hakuna rekodi inayoonyesha wangelipa au la. Mfumo utakisia, na kukisia kwake kutatoka na asilimia na nukta mbili nyuma yake, jambo linalowatisha wajumbe wa bodi. Hivyo hivyo kwa misimu. Mkulima wa korosho wa Mtwara anapata fedha minada ikianza Oktoba; wa pamba anasubiri ununuzi ufunguliwe Mei. Modeli iliyofundishwa kwa watu wa mshahara itamwona mkulima amekaa miezi minane bila kuweka kitu, itamtupa nje. Ratiba ya marejesho iandikwe kwa msimu, na msimu huo uingizwe kama taarifa, la sivyo mfumo utumike kwa wenye mishahara peke yao na hilo lisemwe wazi.

Muuzaji akikuambia mfumo wake uko sahihi kwa asilimia 95, usimpigie makofi bado. Tuseme chama kina mikopo 1,000 na kati yake 50 ni chechefu, yaani hairejeshwi inavyopaswa. Mfumo unaosema "watalipa wote" bila kuangalia chochote utakuwa sahihi mara 950 kati ya 1,000. Asilimia 95 hiyo, na haujamkamata hata mmoja. Maswali ya kuuliza ni mawili: kati ya hao 50, umewanasa wangapi? Na kati ya wote uliowawekea alama nyekundu, wangapi walikuwa walipaji wazuri? Mfumo ukiwanasa 30 lakini ukawatia alama na wazuri 120, basi kila watu watano unaowazuia, wanne wamezuiwa bure. Hao wanne watakwenda wapi? Kwa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba ya kunyonya.

Wengine wanadhani kuujaribu mfumo miezi mitatu sambamba na kamati kunatosha. Kwa kupima kasi na urahisi wa kutumia, kunatosha. Kwa kupima kama unatambua mkopo mbaya, hapana, kwa kuwa mkopo wa miezi 24 hauonyeshi sura yake mwezi wa tatu. Njia iliyopo ni kurudi nyuma: mfumo ufundishwe kwa mikopo iliyotolewa hadi mwisho wa 2021, kisha upewe ile ya 2022 bila kuonyeshwa matokeo, na majibu yake yalinganishwe na kilichotokea. Angalizo moja. Taarifa zilizoingia baada ya siku ya kutoa mkopo, kama idadi ya barua za kumkumbusha mdaiwa, ziondolewe kabisa. Zikibaki mfumo utafaulu kwa maajabu kwenye jaribio na kuanguka kazini, kwa sababu siku mteja anapoomba mkopo barua hizo bado hazijaandikwa. Kosa hili tunalikuta hata kwa kampuni kubwa.

Wala usidanganyike kwamba kilichofanya kazi kwingine kitafanya kazi kwako. Marekani kuna mfumo wa kutabiri maambukizi makali ya damu uliofungwa katika mamia ya hospitali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipoupima kwa wagonjwa wa hospitali yao wenyewe, katika utafiti uliochapishwa 2021, walikuta umeshindwa kuwatambua theluthi mbili ya waliokuwa na maambukizi hayo. Hiyo ni nchi yenye mafaili ya kompyuta ya miaka mingi.

Roboti za kujibu ujumbe wa WhatsApp ni mlango mwingine ambao vyama vinaingilia, kwa kuwa ni rahisi na zinapendeza. Tatizo la kwanza ni saa. Mwanachama anaandika "nije saa nane?", roboti inampangia saa 8:00, asubuhi, ofisi ndiyo kwanza inafunguliwa. Anaambiwa ofisi inafungwa "16:00" na yeye anajiuliza ndiyo saa ngapi hiyo. Maelekezo ya roboti lazima yaandikwe waziwazi kwamba saa inayotajwa na mwanachama ni ya Kiswahili, kwamba saa mbili asubuhi ni 8:00, na kwamba kabla ya kuweka miadi irudie: "Saa nane mchana, siyo?" Pamoja na hayo pimeni "keshokutwa", "mwisho wa mwezi", na "mwezi wa sita", ambao kwa Mwislamu anayeuliza mkopo wa sikukuu unaweza usiwe Juni.

La pili ni bei. Mifumo hii hutoza kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. Siyo tokeni ya LUKU ya umeme, ingawa mantiki inafanana: unanunua uniti, zinakwisha. Neno la Kiingereza lililozoeleka mara nyingi huhesabiwa kipande kimoja. Neno letu "hatutawakopesha", ambalo limebeba sentensi nzima ndani yake, hukatwa vipande vitatu, vinne, pengine zaidi. Kwa hiyo makadirio ya gharama ambayo muuzaji kayafanya kwa Kiingereza hayana maana kwenu. Chukueni ujumbe 100 wa kweli wa wanachama, pamoja na makosa yao ya kuandika na "xaxa" zao, upitisheni kwenye mfumo, someni bili, halafu zidisheni kwa ujumbe wa mwezi. Bili hiyo ni ya dola. Iwekeeni nafasi ya shilingi kushuka.

La tatu ndilo zito: roboti hubuni. Ikiulizwa jambo ambalo haina, hutunga jibu kwa Kiswahili fasaha na adabu zote. Chama chenye sera ya mikopo ya 2019 na marekebisho ya 2023 kwenye folda moja kitapata roboti inayochanganya riba za nyaraka zote mbili. Ipeni roboti waraka mmoja tu, wenye tarehe, uliopitishwa na bodi. Na amri kwamba lisilomo humo lipelekwe kwa mtu, na mtu huyo awepo. Kanada lilitokea hili: abiria wa Air Canada aliambiwa na roboti ya shirika, Novemba 2022, kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli ya msiba baada ya kusafiri, wakati utaratibu wa shirika ulikuwa hauruhusu. Shirika lilijitetea kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa hoja hiyo Februari 2024 na kuliamuru shirika limlipe zaidi ya dola 800 za Kanada. Mwanachama aliyeambiwa kwa maandishi kwamba anastahili mara tatu ya akiba yake ataleta simu yake ofisini, na ujumbe umo.

Kuhusu watumishi tutasema kwa kifupi, kwa kuwa wanalaumiwa kuliko wanavyostahili. Wengi tayari wanatumia akili mnemba kwa siri kwenye simu zao, wakibandika barua ya mkopo nzima, jina, NIDA, mshahara, ili mfumo wa bure uwafupishie. Hata Samsung, wenye wahandisi wa kila aina, walilazimika 2023 kuwazuia wafanyakazi baada ya msimbo wa siri wa programu zao kubandikwa humo. Lakini katazo tupu halifui dafu. Chama kiwape zana moja iliyolipiwa, yenye mkataba kwamba taarifa hazitatumika kufundishia, na karatasi ya nusu ukurasa ukutani inayotaja visivyobandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka wakusanyaji na wachakataji wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na inampa mtu haki kuhusu uamuzi unaomgusa uliofanywa na mashine peke yake. Kompyuta nyingi zinazoendesha mifumo hii haziko Tanzania. Kila ombi la mkopo linalopita humo limesafiri. Bodi iulize limekwenda wapi.

Hatari nyingine ya watumishi ni kinyume cha ubishi: kuamini kupita kiasi. Skrini ikisema "hatari 78" afisa hana moyo wa kuandika vinginevyo, kwa kuwa mkopo ukiharibika ataulizwa kwa nini alipuuza mfumo. Mpangilio unaosaidia ni huu: afisa aandike maoni yake kwanza na kuyafunga, ndipo alama ya mashine ionekane. Wakitofautiana, kamati ijadili. Baada ya mwaka mtajua nani alikuwa sahihi mara nyingi, na kwa wanachama wa aina gani.

Kwenye mkataba tunaomba vitu vichache visipitwe. Taarifa ni mali ya chama na zitarudishwa zote, kwa umbo linalosomeka, ndani ya siku 30 mkataba ukikoma. Mtoa huduma hatabadilisha modeli bila taarifa. Akiibadilisha, maswali 200 ya majaribio yaliyotunzwa na chama yarudiwe kabla wanachama hawajaguswa, kwa sababu roboti iliyokuwa ikijibu vizuri Ijumaa inaweza kuamka Jumatatu imesahau saa ya Kiswahili. Na kuwe na utaratibu wa karatasi wa kufanya kazi mtandao ukikatika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Ofisi ambayo kila uamuzi wake unapita ng'ambo siku kama hiyo inafunga mlango.

La mwisho ni kwa bodi zinazoandaa zabuni sasa hivi. Ongezeni kipengele kimoja kwenye nyaraka za zabuni. Tengeni mikopo 500 iliyokwisha, 60 hivi kati yake ikiwa chechefu, ondoeni majina, simu na NIDA, wapeni wazabuni wote faili lile lile na saa 48. Majibu ya kweli yachapwe, yatiwe kwenye bahasha, yakae kwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi. Ifunguliwe mbele ya wote siku ya tathmini, kila mzabuni ahesabiwe aliowanasa na aliowaonea, na bei zao zifunguliwe baada ya hapo.

Wafungaji na warekebishaji wa mifumo ya taarifa za SACCOS,
Dodoma